Filamu Bora ya Mzee wa Presha

Tangu nistaafu, vijana wa studio hawaishi kunipigia simu. Wananiuliza mambo ambayo wangeyaona wenyewe kama wangetazama skrini vizuri. Lakini juzi mmoja wao aliniuliza swali lililonikalisha kitako. "Mama Siwema, katika filamu zote za Mzee Chilumba, ipi kali kuliko zote?" Nikamwambia swali hilo nusura livunje urafiki wa watu wazima watatu. Akacheka, akadhani namtania. Basi nimeamua kuandika, ili niwajibu wote kwa mara moja. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi nikiwa binti, katika chumba kimoja ghorofa ya pili Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, juu ya duka la magodoro. Tulikuwa tunahariri video za harusi. Aliyenipokea ni Dada Agnesi, mwanamke wa Songea, mpole wa sauti lakini mkali wa masikio. Mbele yake palikuwa na deki mbili: moja ya kuchezea kanda iliyopigwa, nyingine ya kurekodia kile unachotaka kibaki. Ukikosea katikati, unarudia toka pale ulipokosea. Hakukuwa na hicho kitufe chenu cha kufuta dhambi.

Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya harusi ya watu wa Ilala. Mama wa bwana harusi alikuwa anataka kusema neno. Nikanyoosha kidole nibonyeze, nimkate nihamie kwa bibi harusi. Agnesi akanishika mkono.

"Ngoja. Huyu mama anavuta pumzi. Ukimkata hapo, anayetazama naye atabanwa kifua na hatajua kwa nini. Mwache atoe."

Nikangoja. Yule mama akatoa pumzi, akatabasamu, ndipo nikakata. Picha ikatiririka kama maji.

"Siku moja utamkata mtu kabla hajatoa pumzi, tena kwa makusudi," Agnesi akasema. "Ila siyo kwenye harusi ya watu."

Mzee Chilumba ndiye aliyeileta siku hiyo. Wakati ule hakuwa mzee wa umri, ila nadhani alizaliwa na uzee wake. Alitokea Lindi, alikuwa mrefu, na alitembea kama mtu anayelifuatilia jambo bila kutaka jambo lenyewe lijue. Aliingia na kanda zake ndani ya kikapu cha ukindu, kama aliyetoka kununua samaki Feri. Agnesi alikuwa ameondoka kwa likizo ya uzazi.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye unayekata?"

"Bado ninajifunza, mzee."

"Afadhali. Anayejua ataniambia haiwezekani."

Akavuta kiti, akaketi pembeni yangu, na kwa namna fulani hakuinuka tena mpaka nilipostaafu.

Watu wengi wakati huo walidhani filamu ya kutisha ni kumficha muuaji mpaka mwisho. Mzee Chilumba hakuwa na habari na mafumbo. Alikuwa akisema, "Mtazamaji usimpe fumbo, mpe mzigo. Fumbo atalifumbua, alitupe, akalale. Mzigo ataubeba mpaka kwake." Kwa hiyo katika filamu zake wewe unayetazama unajua kila kitu. Asiyejua ni yule maskini aliye ndani ya picha, na wewe huna njia ya kumwambia. Nimewaona watu wazima kwenye vibanda vya video wakisimama na kupigia kelele televisheni: "Dada, geuka! Geuka nyuma!" Dada hageuki. Akina mama wakawa wanasema filamu zile ziuzwe pamoja na vidonge vya presha, na jina la Mzee wa Presha likamganda hapo.

Iliyompa jina ni Koti la Mtumba. Msichana ananunua koti pale soko la Mchikichini, na ndani ya bitana mmeshonewa ufunguo. Yeye hana habari. Mwenye ufunguo anaujua, anamfuata. Msichana aliigizwa na Rukia, ambaye wakati huo alikuwa akiuza vitenge na hakuwa na kazi nyingine ila kusifiwa uzuri. Mpiga picha alikuwa Evarist, Mhaya mmoja mtaratibu ambaye hata akijikwaa hujikwaa kwa mpangilio.

Tulishuti sini ya kufukuzana katikati ya soko, watu wakiwa kwenye biashara zao. Mzee alitaka soko lenyewe, siyo watu wa kukodi. Evarist akaificha kamera ndani ya furushi la nguo. Rukia akatoka mbio na koti lake, anapiga kelele kama alivyoelekezwa. Nyuma yake akatoka yule aliyeigiza mbaya wetu, kijana mmoja mpole kabisa, mwimbaji wa kwaya.

Soko likafanya kile ambacho soko la Dar hufanya likiona mwanamke anakimbizwa. "Mwizi! Mwizi huyo!" Kabla hatujafumba macho kijana wa kwaya alikuwa chini, na watu wamemzunguka. Mmoja alikwishapata gongo, mwingine anatafuta tofali. Mzee Chilumba akawa anapiga kelele, "Jamani ni filamu! Ni filamu!" Nani amsikilize? Mwizi gani hana mwenzake wa kumtetea?

Mimi nilikuwa nimeshika begi la kanda. Ndipo nikamwona Rukia anarudi. Akapenya katikati ya ile miguu, akamlalia yule kijana mwili mzima, akapaza sauti:

"Mwacheni! Mume wangu huyo! Mume wangu!"

Gongo likabaki hewani. Watu wakatazamana. Mama mmoja muuza mashuka akasema, "Sasa kama ni mumeo mbona unatutia dhambini?" Kicheko kikaanza. Mara kukawa na baraza. Wazee wawili wakawaketisha juu ya marobota, wakamuusia kijana asimkimbize mke hadharani, na Rukia asikimbie na nguo ambayo mume hajaiona. Kijana alitikisa kichwa akikubali kila kitu, na damu inamtoka puani. Tulipofika kwenye gari alilia, nasi tukalia pamoja naye. Evarist peke yake hakulia, kwa sababu alikuwa anakagua kanda. Hakuzima kamera hata mara moja.

Sini hiyo imo kwenye filamu, mpaka pale gongo linapoinuliwa. Nilimkata Rukia kabla hajatoa pumzi.

Baadaye ikaja Chumba cha Uani, ambayo ni filamu ya Evarist. Mpangaji mpya anaingia nyumba ya Kiswahili, na kamera inamfuata kutoka barazani, inapita ukumbini katikati ya vyumba vya wapangaji, mpaka uani, bila kukatwa. Evarist alifunika balbu kwa kanga ili mwanga usiwe mkali, na akapita ukumbi ule mara nyingi mpaka wapangaji wakaanza kumsalimia kwa jina. Mimi ndani ya sini hiyo sikuwa na kazi ya kufanya. Mhariri akikosa kazi, ama picha imepigwa vibaya mno ama vizuri mno. Hiyo ilikuwa nzuri mno, na Evarist mpaka leo hajanisamehe kwamba katika ule ubishi wetu watatu sikuipigia kura.

Sasa nije kwenye Chai ya Pili.

Wakati huo kompyuta zilikuwa zimeingia, na kila aliyekuwa na kompyuta alikuwa mhariri. Filamu zilikuwa zimejaa milio ya bastola na vilio. Mzee Chilumba akaja na hadithi ya mama na mgeni. Mgeni anabisha hodi kwa mama mmoja, anasema yeye ni rafiki wa mwanawe aliyesafiri. Sisi tunaotazama tumekwishamwona huyo mgeni anafunga mkononi saa ya yule mwana, na tunajua mwana hatarudi. Mgeni amekuja kupeleleza kama mama aliambiwa lolote. Kama aliambiwa, naye atamalizwa. Mama anamkaribisha chai. Filamu yote ni hiyo chai. Kikombe cha pili kinapomiminwa, ndipo tunapotambua kwamba mama ameiona ile saa, na kwamba anamchelewesha mgeni mpaka watu watoke msikitini.

Mama aliigizwa na Bi Hadija, muuza uji wa mtaa wa Gerezani, ambaye hakuwahi kuigiza kabla na hakuigiza tena. Tuliposhuti sini ya mwisho, Mzee alimwambia aonyeshe hofu. Bi Hadija akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, mtu mwenye hofu haonyeshi. Anatafuta kitu cha kufanya." Akachukua kijiko, akawa anakoroga. Sukari ilikwishayeyuka zamani, yeye anakoroga tu.

Mzee alimtazama Evarist kuhakikisha kamera inakwenda.

Shida yangu ilianza studio. Nyumba tuliyoshutia ilikuwa karibu na karakana, na sauti yote iliharibiwa na watu wanaogonga mabati. Picha ilikuwa ya dhahabu, sauti ya gereji. Vijana wa wakati ule wakashauri tuweke muziki juu, tufunike. Mzee akaniuliza, "Siwema, unasemaje?"

Nikamwambia anipe sauti yangu mwenyewe. Nikamwomba jirani yetu wa chini magodoro, nikayaegemeza kwenye kuta zote za chumba, mlango na dirisha. Nikaleta vikombe vya nyumbani kwangu, na Bi Hadija akaleta birika lake, kwa sababu alisema langu lina mlio wa tajiri. Tukarekodi Ijumaa saa ya sala, maana hiyo ndiyo saa Kariakoo hupumua: mikokoteni imesimama, maduka yameshusha milango nusu, na spika za matangazo zimenyamaza. Bi Hadija akaketi kwenye godoro, yeye na aliyeigiza mgeni wakarudia maneno yao, kisha akakoroga chai huku anaitazama picha yake mwenyewe. Nilikuwa nimevaa hedifoni. Nawaambia ukweli, nywele zilinisimama.

Filamu ikatoka, na watu hawakuitaka. Msambazaji mmoja wa Mtaa wa Aggrey alirudisha maboksi, akamwambia Mzee mbele yangu, "Mzee wangu, mimi nakuheshimu, lakini umenipa tangazo la majani ya chai." Mzee akacheka naye, akamuaga vizuri. Tulipokuwa tunashuka ngazi akasema, "Yule bwana hakutazama mpaka mwisho." Hakuitaja tena filamu hiyo kwa miaka. Bi Hadija alifariki bila kuiona kwenye skrini kubwa.

Mtu akipewa jina, jina nalo humtafuta. Mzee wa Presha akapatwa na presha ya macho. Kwanza alikuwa hazioni ngazi, halafu akawa haoni anayepita pembeni, mpaka akabaki na mwanga kidogo tu, wa kumwonyesha dirisha liko upande gani. Nilikuwa naenda kwake Ilala kila mwisho wa wiki. Hakupenda kuhurumiwa. Alikuwa akinieleza filamu anazotaka kutengeneza, na mimi nikimpinga, tunaenda sawa.

Mwaka huu, muda mfupi baada ya mimi kuagwa kazini, tukapata habari kutoka kwa watu wa ukumbi mmoja wa sinema kule Posta. Walitaka kumheshimu Mzee kwa kuonyesha filamu yake bora. Isitoshe, wangeipeleka kanda yake ikasafishwe ukungu na kuhamishwa vizuri, ili isipotee. Lakini ni moja tu. Tukafungua kabati la Mzee. Joto la Dar lilikuwa limezila kanda zile, nyingine zina utando mweupe kama mkate uliosahauliwa. Tukaelewa kwamba itakayochaguliwa itaishi, na zile nyingine Mungu anajua.

Mzee alikataa kuchagua. "Mpishi haulizwi chungu kipi kitamu. Kuleni, mseme."

Tukakutana dukani kwa Rukia, Mtaa wa Kongo. Siku hizi ana duka lake la vitenge na wajukuu. Evarist alikuja na fimbo yake, akaketi juu ya jora la kitambaa.

"Hapa hakuna mjadala," Rukia akaanza. "Koti la Mtumba. Mpaka leo nikienda sokoni naitwa Mama Koti. Filamu gani nyingine watu wanaijua hivyo?"

"Kujulikana siyo ubora," Evarist akasema. "Hata kipindupindu kinajulikana. Ule ukumbi wa Chumba cha Uani, nionyesheni mtu aliyepiga picha vile Bongo hii."

"Kaka Evarist, hiyo ni sini moja. Filamu nzima je?"

"Na wewe ulikimbia tu sini nzima."

"Nilikimbia? Nilimlalia mtu asipigwe tofali!"

Mimi nikasema Chai ya Pili. Wote wawili wakanigeukia. Rukia akaniambia, kwa upole ambao ulinichoma kuliko kelele, "Shoga, ile uliitengeneza wewe zaidi yake. Huipendi kwa ajili yake, unaipenda kwa ajili yako."

Nilirudi nyumbani nikalifikiria neno hilo, kwa sababu huenda lilikuwa kweli. Kesho yake nikawapigia simu. Nikasema twendeni kwa Mzee, tuzitazame zote tatu kwa siku moja, na mimi nikiona nimekosea nitanyamaza.

Koti na Chumba zilikuwa kwenye CD za mitaani, nakala hafifu lakini za kutazamika. Chai ya Pili ilikuwa imebaki kwenye kanda moja tu, na fundi wa Gerezani alitufufulia mashine ya kuichezea, akatuonya tusiirudishe nyuma, maana haitavumilia mara ya pili.

Tulianza asubuhi. Mzee aliketi kwenye kochi, uso umeelekea dirishani. Koti alilicheka lote. Sini ya sokoni akamwambia Rukia, "Mungu akulipe kwa yule mtoto wa watu." Chumba cha Uani alikisikiliza kimya, na Evarist akawa anamsimulia picha mpaka nikamwomba apumzike.

Mchana nikaweka Chai ya Pili. Picha ilikuwa inacheza cheza pembeni, lakini sauti ilikuwa nzima. Hodi ikabishwa. Mzee akageuza uso kutoka dirishani, akaielekea televisheni. Evarist alipofungua mdomo amsimulie, Mzee akainua kiganja kumzuia.

Chai ikamiminwa. Mgeni akauliza habari za mwana. Vikombe vikagusana na sahani. Kisha kile kijiko kikaanza kukoroga, kinakoroga, hakiachi. Nikamwona Mzee ameushika mkono wa kochi. Filamu ni yake, hadithi ni yake, mwisho wake anaujua tangu alipouota. Lakini mgeni aliposema, "Mama, mbona mkono unatetemeka?" Mzee akasema kwa sauti, siyo kwetu:

"Usimjibu. Mama, usimjibu."

Ilipokwisha hakuna aliyezima mashine. Rukia alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mimi nilikimbia," akasema. "Yule mama aliketi tu kwenye kiti, na mimi ndiye nilikosa pumzi. Haya. Iende hiyo."

Evarist akasema yeye bado anasimamia ukumbi wake, ila kama kura ni mbili, basi.

"Mzee, ndiyo filamu yako bora?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Zile nyingine nilikuwa najionyesha. Hii ni filamu ambayo sikuiharibu." Kisha akatabasamu. "Ila ni ndefu kidogo mwanzoni, Siwema. Ulitaka kukata, nikakukatalia."

Alisema kweli. Ni ndefu kidogo mwanzoni.

Siku ya kuonyesha, ukumbi wa Posta ulijaa jioni mapema. Wengi walikuwa vijana, wanafunzi na watengeneza filamu wa leo, na wazee wachache wa Kariakoo waliovaa kama wanaenda harusini. Tulimkalisha Mzee katikati yetu, mstari wa mbele, akiwa na kanzu mpya na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Taa zikazimwa. Mwanzoni nilijuta. Dakika zile ndefu alizokataa zikatwe zilipita polepole, na nyuma yangu nikaona simu zinawaka, moja hapa, nyingine pale. Kijana mmoja alimwuliza mwenzake, "Oya, hii kitu inaanza lini?" Nikaomba Mungu Mzee asiwe amesikia. Alikuwa amesikia, maana aliuma mdomo.

Mgeni akaingia. Saa ikaonekana mkononi. Sikugeuka tena kutazama nyuma. Nilikuwa namtazama Bi Hadija, safi, mkubwa kama nyumba, kila kunjo la uso wake mahali pake, akimimina chai. Ukungu wote ulikuwa umeondoka.

Picha ya mwisho ni mlango unaofunguliwa kwa nje, na sauti za watu wanaotoka msikitini. Haionyeshi kilichofuata. Skrini ikawa nyeusi. Majina yakapita bila muziki, kama alivyotaka. Taa zikawashwa.

Hapakuwa na kofi wala mluzi. Hata kiti hakikulia. Nilimwona Mzee Chilumba anageuza sikio huku na huku, anatafuta. Mkono wake ukapapasa ukaupata wangu.

"Siwema," akaninong'oneza. "Wameondoka?"

Nikageuka. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni, nyuso zote zinaitazama skrini nyeusi. Yule kijana wa nyuma yangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Hakuna aliyesimama."